Kama Ni Vigumu, Tuliache

Katika uchochoro wa Kinu cha Ufuta, nyuma ya Mnara wa Ngoma hapa Beijing, mtu akipata shida ya kumwendea mkubwa fulani, hakwenda mwenyewe. Alimtuma Tong Huiru, mke wa Ge Changshun.

Huiru hakuwa na cheo, wala ndugu mwenye cheo. Alikuwa mwuza siki na achari katika duka la serikali pale pembeni, mwanamke mfupi mwenye nywele zilizobanwa nyuma ya masikio, mikono inanuka vitunguu saumu mwaka mzima. Alichokuwa nacho ni kinywa. Alizaliwa katika nyumba ya watu wa zamani, mabwana wa enzi za wafalme, wale ambao walinyang'anywa vyombo vya kaure na viti vya kuchonga lakini adabu zao hakuna aliyejua zilipofichwa. Bibi yake alimfundisha kuomba kama wasichana wengine wanavyofundishwa kushona. Ukitaka kupita penye kundi la watu hupigi vikumbo, unasema "naazima mwanga," nao wanakupisha. Ukitaka kuuliza njia unaanza na "nakusumbua." Na ukiwa na jambo lenye uzito, hulitaji kabisa mpaka umeshanyanyuka kuondoka.

Hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Unakwenda na maboksi mawili ya keki kavu, yamefunikwa karatasi nyekundu na kufungwa uzi. Unayaweka mezani bila kuyataja. Mwenyeji anakugombeza kwa nini umeleta vitu, unamwambia ni vya kuchezea watoto tu. Mnakunywa chai. Unauliza habari za mgongo wa mama yake na mtihani wa mwanawe. Mwishowe unaaga, na mkono ukiwa umeshashika pazia la mlango, unakumbuka, kana kwamba jambo lenyewe limedondoka mfukoni: "Ah, kuna kitu kidogo, naona haya hata kukisema." Ukishakisema, unamwachia mwenzako njia ya kutokea: "Hakuna haraka. Kama ni vigumu, tuliache." Mwenyeji muungwana njia hiyo huifunga mwenyewe. Husema, "Ugumu gani? Niachie mimi." Asipoifunga, unashukuru, unakwenda zako, na jambo lile hulirudii tena.

Kwa kinywa hicho Huiru alimpatia mjane wa uani makaa ya kupikia mwaka ambao makaa hayakuonekana. Kwa kinywa hicho alimtafutia shule Miao Jianxin, mtoto wa fundi viatu, ambaye baba yake alikuwa amechafuliwa jina katika ile miaka mibaya ya kusakana kisiasa na hakuna shule ya maana iliyomtaka. Huiru alikwenda kwa mwalimu mkuu tena na tena, anakunywa chai na kuulizia wajukuu, mpaka paka wa nyumba ile akawa anamlalia mapajani. Mtoto akapokelewa. Akasoma, akawa daktari wa upasuaji, akawa mkubwa wa wodi ya matumbo katika hospitali kubwa. Watu wa uchochoroni walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, na Huiru alicheka akiziba mdomo kwa kiganja. Alifurahi, kwa nini asifurahi? Hakuwa na sifa nyingine.

Nyumbani kwake ilikuwa kinyume. Ge Changshun alikuwa msugua migongo kwenye hamamu ya mtaa, mtu mpana mwenye sauti nzito ya kuitana mvukeni, na kati yake na mkewe hapakuwa na tafadhali wala asante.

"Huiru, siki."

"Iko nyuma yako. Shingo imekufa?"

"Kizee wewe, ungenipa tu ningekuwa nimeshakula."

Ndivyo wanavyoishi watu wa nyumba moja. Mume akimwomba mkewe kwa heshima, mke ataanza kujiuliza amemkosea nini. Heshima ni ya mlangoni, kwa watu wa nje. Kuiingiza mpaka kitandani ni kumwambia mwenzako kwamba naye sasa ni wa nje.

Majira ya kuchipua yaliyofuata kustaafu kwake, Changshun alianza kuacha chakula. Yeye aliyekuwa akimaliza bakuli la tambi na kuomba la pili, sasa alikula vijiko vichache akasukuma bakuli pembeni. Mkanda wa suruali ukatobolewa tundu jipya, kisha jingine. Huiru alimburuta hadi zahanati, na daktari wa pale, binti mchanga asiyezungusha maneno, akawaambia kuna uvimbe tumboni na ukatwe mapema, kabla haujasambaa. Hospitali kubwa wakawaandikia kwamba kitanda hakipo. Warudi nyumbani wasubiri kuitwa. Kila mtu Beijing alijua maana ya kusubiri kuitwa.

"Si yupo Jianxin?" alisema Bi Hou, jirani wa upande wa pili wa ua, mwanamke wa Shandong aliyeongea kama anamwita mtu ng'ambo ya mto. "Wodi ni yake. Vitanda ni vyake. Nenda ukamshike kola, umwambie: shule niliyokutafutia, leo nilipe."

"Dada Hou, mtu hasemi hivyo."

"Mimi ningesema."

"Ndiyo maana huwa unanituma mimi."

Bi Hou alicheka, kwa kuwa ni kweli. Huiru akaenda kununua keki.

Jianxin aliishi ghorofani, jengo jipya, mkewe akamvulisha Huiru viatu na kumpa kandambili za wageni. Huiru alikaa ukingoni mwa kochi. Alimuulizia Jianxin habari za mama yake, ambaye siku hizi aliishi kwa binti yake kusini. Alimsifu mtoto wao kwa kinanda. Jianxin alikuwa mchovu, macho mekundu, lakini alimmiminia chai kwa mikono miwili na kumwita Mama Mkubwa kama zamani. Huiru alipoiona mikono ile miwili moyo ulitulia. Huyu ni wetu, alijiambia. Akaaga. Akavaa viatu. Mlangoni, mkono kwenye kitasa, akakumbuka.

"Jianxin, kuna kitu kidogo, naona haya kukusumbua nacho. Baba yako Mkubwa Changshun, tumbo lake hili. Wanasema lingetazamwa. Nikasema, labda pale kwenu, ikitokea nafasi."

"Uvimbe?"

"Wanasema. Unajua zahanati, wanapenda kutisha watu. Hakuna haraka. Najua una kazi nyingi. Kama ni vigumu, tuliache."

Akasubiri aifunge ile njia.

"Kwa kweli sasa hivi vitanda ni shida, Mama Mkubwa," alisema Jianxin. "Nitaangalia. Nikipata nafasi nitapiga simu pale kwa mzee wa simu."

"Basi, basi. Tumekusumbua."

"Tembea taratibu, Mama Mkubwa. Ngazi zinateleza."

Akateremka zile ngazi taratibu, kama alivyoambiwa. Nitaangalia si ndiyo na si hapana. Njia yote alijipa moyo kwamba kijana amelelewa uchochoroni, amenyonya maneno yaleyale. Anajua kwamba "lingetazamwa" maana yake mtu anakufa, na kwamba "hakuna haraka" ni kitambaa tu cha kufunikia sinia. Nani Beijing hajui hivyo?

Simu ya uchochoro ilikuwa kwa mzee mmoja dirishani, ambaye ikilia huita jina la mtu mpaka mwisho wa njia. Huiru aliacha kwenda sokoni saa za asubuhi ili asikose. Mzee aliita wengine. Changshun alianza kulala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku moja, na uso wake ukawa na rangi ya nta.

"Umemwambiaje hasa?" alimuuliza mkewe siku moja.

Huiru akamweleza.

"Na uvimbe ulimtajia wewe au alikuuliza yeye?"

"Aliuliza."

"Kwa hiyo kama asingeuliza ungemwambia nimevimbiwa na maandazi."

"Changshun, mtu aliyeombwa humwachi bila pa kutokea. Utamtia aibu."

"Aibu." Akajigeuza ukutani. "Tumbo ni langu, aibu ni yake. Nenda kamwambie: mume wangu anakufa. Maneno matatu. Hata kasuku ataweza."

Huiru alikwenda tena, na safari hii alibeba chai nzuri. Lakini adabu ina sheria zake: mara ya pili jambo halitajwi. Unakwenda tu, unakaa, na ule uso wako uliokaa pale ndio unaokumbusha. Alikaa. Wakazungumza habari za barabara mpya. Wakazungumza habari za bei ya nguruwe. Jianxin mwenyewe, mwishoni, akamuuliza, "Na Baba Mkubwa anaendeleaje?"

Mlango wenyewe huo, umefunguliwa wazi. Bi Hou angepita hapo na mkokoteni. Huiru alifungua mdomo, na kilichotoka ni kile kilichokuwa kikitoka humo miaka yote. Kumwambia mtu mambo mabaya nyumbani kwake, anywapo chai, ni kumkaba koo. Atadhani umekuja kudai.

"Hajambo, hajambo. Anakula vizuri. Usijisumbue."

Jianxin akaitikia kwa kichwa. Akaonekana kupumua. Huiru aliiona ile pumzi, na tangu siku ile hakuisahau kamwe, kwani ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo. Akamshukuru kwa chai.

Alipomwambia Changshun, hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Umemwambia nakula vizuri," akavuta blanketi.

Alianza kutapika damu kabla ya sikukuu ya katikati ya vuli. Bi Hou ndiye aliyetafuta baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, akamlaza Changshun juu yake na godoro, akaendesha mwenyewe huku akiwatukana wenye magari. Hospitali wakampokea kwa dharura, lakini kitanda hakikuwapo, wakamweka kwenye kitanda cha magurudumu koridoni karibu na ngazi, ambapo kila mtu aliyepita alimgusa miguu. Watu walisema naazima mwanga, naazima mwanga, wakapita. Daktari wa zamu alisema sasa uvimbe haukatwi tena, umeshasambaa.

Jioni ile Changshun alifumbua macho. Huiru alikuwa amekaa kwenye kigoda, amemshika mkono.

"Nakusumbua, bibi," alisema Changshun kwa sauti ya upole ambayo mkewe hakuwahi kuisikia. "Kama si taabu kwako, naomba maji kidogo."

Huiru aligeuka nyuma aone anamwambia nani. Hapakuwa na mtu nyuma yake. Madaktari walikuwa wamekataza maji, kwa hiyo alichovya pamba akamlowesha midomo.

"Asante," alisema Changshun. "Umejisumbua."

Labda homa ilimfanya amdhani muuguzi. Bi Hou alisema hivyo, na wauguzi walisema hivyo. Huiru hakuuliza zaidi, maana hakuna wa kumjibu. Changshun alifariki asubuhi, koridoni palepale.

Jianxin alikuja kutoa pole. Tumpe haki yake, alikuja. Aliinama mbele ya picha, akakaa kwenye kiti ambacho zamani, akiwa mtoto, alikuwa akikipanda kufikia mtungi wa peremende. Ua ulijaa majirani. Alizungusha kofia mikononi, kisha akasema, na alisema kwa sauti ya kusikika kidogo, ili na wengine wasikie:

"Mama Mkubwa, kwa nini hukuniambia kwamba hali imefika pale? Ulisema hakuna haraka. Mara ya pili ulisema anakula vizuri. Ningejua, ningefanya lolote."

Bi Hou, aliyekuwa anamenya karanga, akaacha. Kila mtu pale aliyekuwa na umri wa kutosha alijua maana ya hakuna haraka, na alijua kwamba Jianxin anajua, na Jianxin alijua kwamba wanajua. Lakini maneno yalisemwa, na aliyeyasema ni Huiru. Angemjibu nini? Kwamba nilipokwambia kama ni vigumu tuliache, ulitakiwa usiliache? Uungwana ule aliofundishwa na bibi yake ulikuwa umemjengea yule kijana mlango wa nyuma, naye akautumia, akaufunga polepole asimwamshe mtu.

"Ni kweli," alisema Huiru. "Nilisema."

"Sisemi kwa kukulaumu, Mama Mkubwa."

"Najua. Tumekusumbua sana."

Akamsindikiza mpaka mdomo wa uchochoro, kama mgeni anavyosindikizwa, akamwambia atembee taratibu. Aliporudi, Bi Hou alimkuta jikoni anakata kabichi ambayo hakuna aliyeihitaji.

"Ungemtemea mate," alisema Bi Hou.

"Hakukosea hata neno moja."

"Ndiyo. Watu wa namna ile hawakosei neno." Bi Hou akamnyang'anya kisu. "Dada Tong, lia basi. Mimi sina adabu, mbele yangu unaweza kulia."

Lakini hakulia. Aliweka keki mezani kwa wageni waliobaki.

Tangu siku ile watu wa uchochoroni waliacha kumtuma. Hawakusema kwa nini. Huiru naye aliongea kidogo zaidi kila mwezi, mpaka mwenye duka jipya la pembeni alimdhani bubu, kwa kuwa alikuwa akionyesha tu anachotaka kwa kidole.

Majira ya baridi, binti wa Bi Hou, Guizhi, alianguka uani akijishika ubavu. Alikuwa na mimba changa, na maumivu yake hayakuwa ya mimba. Wakampeleka hospitali ileile. Walisema ni nyongo, imejaa usaha, akae chini ya uangalizi na apasuliwe. Lakini kitanda hakipo. Wakamweka kwenye benchi. Bi Hou alipiga kelele pale mapokezi mpaka sauti ikakauka, akatolewa nje na mlinzi. Ndipo alipokuja kwa Huiru, amesimama mlangoni bila kuingia, mikono imening'inia.

"Dada Tong," alisema, na kwa mara ya kwanza aliongea chini. "Mimi nikimwendea atanifukuza. Naona haya kukuomba. Kama ni vigumu..."

"Nyamaza," alisema Huiru. "Usimalizie hilo neno."

Akavaa koti. Hakununua keki. Njiani Bi Hou alimtazama kwa jicho la pembeni na hakuthubutu kuuliza, maana uso wa Huiru ulikuwa umefungwa kabisa. Ni yeye peke yake aliyejua alichokuwa anakitaka, na ni jambo baya kulitamka. Moyoni alikuwa anataka Jianxin akatae. Akisimama mbele yake, akamwambia wazi, uchi uchi, bila chai wala pazia, na kijana akakataa hata hivyo, basi itajulikana kwamba na Changshun asingepona kwa maneno yoyote. Kwamba kitanda hakikuwapo kweli. Kwamba ile pumzi aliyoiona haikuwa na maana.

Chumba cha daktari kilijaa. Wagonjwa na ndugu zao walizunguka meza ya Jianxin, kila mmoja akinyoosha karatasi zake juu ya bega la mwenzake. Huiru aliwasukuma. Hakuazima mwanga kwa mtu. Alimkanyaga bwana mmoja mguu, bwana akaguna, hakugeuka. Akafika mezani.

"Miao Jianxin."

Hakumwita daktari. Hakumwita mwanangu. Jianxin aliinua kichwa, na watu wote wakawageukia.

"Guizhi wa Hou yuko benchini chini. Nyongo imeoza, na ana mimba. Anataka kitanda. Leo."

Jianxin alifungua mdomo. Huiru alimkazia macho akisubiri. Sema hakuna, alimwomba kimoyomoyo. Sema ni vigumu. Miaka yote hiyo nimeomba watu waseme ndiyo, wewe mmoja tu nakuomba useme hapana.

Masikio ya daktari yalikuwa mekundu. Alitazama wale watu waliokuwa wakimtazama, akavuta karatasi, akaandika mstari mmoja, akagonga mhuri.

"Ghorofa ya tatu," alisema. "Waambie nimesema mimi."

Ni hivyo tu. Kalamu ilikuwa haijafunikwa, na mgonjwa aliyefuata alikuwa ameshaweka picha zake za tumbo juu ya meza.

Chini, Bi Hou aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, akalia kwa sauti, akawaita wahudumu walete kitanda cha magurudumu. Guizhi alipandishwa. Kisha Bi Hou akarudi mbio kumtafuta Huiru, akamkuta amekaa kwenye ngazi za nje, kwenye baridi, koti liko wazi.

"Dada Tong, umemwokoa mwanangu. Umewaokoa wawili. Ulimwambia maneno gani?"

"Nilimwambia anataka kitanda."

"Na yeye?"

"Akatoa."

Bi Hou akapiga magoti pale ngazini, mwanamke mzima, na kumshika mikono. "Nikushukuruje, dada? Niambie nikushukuruje."

"Usinishukuru," alisema Huiru. Sasa alikuwa analia, machozi yanamfika kidevuni na hayafuti. "Nilikwenda ili anikatalie."

Bi Hou alimtazama bila kuelewa. Alitaka kuuliza, lakini muuguzi alikuwa akimwita kutoka dirishani, na mwanawe alikuwa juu, kitandani, anamsubiri.